Misuli ya Gundi

Mama yake hakuwahi kujua awajibu nini watu waliomwuliza bintiye anafanya kazi gani. "Ni daktari," alikuwa akisema, na kabla mtu hajavua kiatu kumwonyesha kidole kinachomsumbua, anaongeza haraka, "lakini si wa kutibu." Hapo watu humtazama kwa huruma, kana kwamba amesema mwanawe ni mpishi lakini jikoni haingii.

Ukweli ni kwamba bintiye alikuwa mtafiti. Alichunguza magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, yale ambayo mtu hayapati kwa mbu wala kwa maji machafu, bali huachiwa na wazazi wake kama anavyoachiwa pua na masikio. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali, ubavuni mwa chumba cha kufulia mashuka, hivyo mchana kutwa kilinukia sabuni na ukuta wake mmoja ulikuwa wa vuguvugu. Humo mlikuwa na kitanda, meza, feni iliyokataa katakata kugeukia kushoto, na mashine ya kupimia umeme wa misuli, ambayo aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Kazi hiyo ilikuwa imemharibia macho. Wengine wakikutana na mtu hutazama uso, yeye alitazama miguu. Mtu akipanda ngazi, yeye yuko nyuma anamkagua mapaja. Akiwa kwenye foleni ya benki, macho yako kwenye visigino vya waliotangulia. Kuna siku alimfuata mama mmoja sokoni kwa sababu alinyanyua miguu juu kama anayetembea majini, mpaka yule mama akageuka na kupiga kelele za mwizi. Ilibidi mtafiti ajieleze mbele ya umati, tikiti maji mkononi, kwamba hakuwa na nia ya pochi, alikuwa na nia ya kifundo cha mguu.

"Umbea wako wa utotoni," mama yake alimwambia siku hiyo. "Wenzako wanasutwa kwa umbea, wewe unalipwa mshahara."

Hakukosea sana. Nusu ya kazi ilikuwa kuuliza habari za koo za watu. Nani alianza kujikwaa, akiwa na umri gani, na mjomba wake je, na yule binamu aliyehamia mbali? Nusu nyingine ilikuwa maabara. Na kati ya nusu hizo mbili kulikuwa na jambo ambalo hakulizungumza sana nyumbani. Familia nyingi zilizofika chumbani kwake zilikuja na mtoto ambaye jana alikimbia na leo anashikilia ukuta, na yeye hakuwa na la kuwapa zaidi ya jina la ugonjwa. Jina ni kitu, alijiambia. Mtu anayejua anachopambana nacho si sawa na anayepapasa gizani. Lakini siku nyingine, wakishatoka, alikaa akiitazama ile feni mpaka mfua mashuka akagonga kuuliza kama yuko salama.

Basi Jumamosi moja alimpeleka mama yake kununua godoro. Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kulalamika, na godoro la zamani lilikuwa na shimo katikati kama bakuli. Waliingia duka lililojaa magodoro mpaka darini, yote yamefungwa nailoni, na muuzaji akatoka nyuma ya rundo moja kuwapokea. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shingo nene, mikono imejaa ndani ya mikono ya shati mpaka mishono inaomba msamaha. Ungedhani amezaliwa akinyanyua vyuma.

"Karibuni sana. Shikamoo mama," alisema, akampa mama mkono.

"Marahaba mwanangu."

Mama akauvuta mkono wake, na mkono haukutoka. Akatabasamu. Akangoja. Tabasamu likaanza kupauka. Akautazama mkono, akamtazama bintiye, akamrudia muuzaji.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "huo mkono nilikuja nao."

"Samahani mama." Vidole vya muuzaji vilifunguka polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayefungua fundo. Mwenzake aliyekuwa mlangoni akacheka. "Msimjali, mama. Ndiyo maana tunamwita Gundi."

Gundi naye akacheka, akaanza kazi. Alikaa kwenye godoro moja kuwaonyesha ulaini wake. Akalisifu. Akalipigapiga kwa kiganja. Alipotaka kuinuka hakuinuka, ila alisukuma kiuno mbele kidogo, akakaza meno, akaendelea kusifu. "Godoro hili lina tatizo moja tu, ukilikalia hutaki kuondoka. Mnaona hata mimi mwenye duka limenishinda." Wateja wengine wawili walicheka. Mtafiti hakucheka. Alikuwa akitazama mapaja yaliyokakamaa ndani ya suruali kama magogo, na hatua tatu za kwanza ambazo Gundi alitembea kama mtu wa mbao, kisha za baadaye zikalainika, akawa mtu kama watu.

"Kaka," alisema, "nikuulize kitu. Ukianza kupanda ngazi, zile za mwanzo miguu inagoma, halafu ukishapasha moto unapanda kama kawaida?"

Gundi akaacha godoro. "Nani kakwambia?"

"Na kwenye baridi inazidi."

"Dada, tunajuana?"

"Hapana. Ila misuli ya namna yako naijua. Mimi ni daktari."

"Si wa kutibu," mama akamtahadharisha Gundi.

Godoro lilinunuliwa, lakini hawakuondoka upesi. Mama alikalishwa kwenye kiti, na Gundi akamwaga yote, kama mtu aliyengoja kuulizwa tangu alipozaliwa. Shuleni, mwalimu akiingia darasa zima linasimama, yeye amebaki kwenye dawati. Akachapwa kwa kiburi miaka na miaka. Mwalimu wa michezo aliona mashavu ya miguu yake, akamwingiza kwenye mbio bila hata kumjaribu. Filimbi ikalia, wenzake wakaruka, yeye akaanguka kifudifudi kama mlango uliong'olewa bawaba. Akainuka, akakimbia, akawapita wawili. Hakuna aliyekumbuka wale wawili. Dada yake alikuwa vilevile, na yeye walimwita mringaji, kwa sababu akiitwa alichelewa kugeuka.

"Ni ugonjwa mbaya?" aliuliza mwishowe, sauti imeshuka. "Mke wangu ni mjamzito."

Mtafiti alijua uzito wa swali hilo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na jibu jepesi. Alimwambia kwamba anataka kupima kwanza kabla ya kusema kwa uhakika, lakini kama ni kile anachokidhani, hakiui, hakimpeleki mtu kwenye kiti cha magurudumu, na dawa ya kupunguza ule ugumu ipo. Misuli yake haikuwa dhaifu. Ilikuwa inajua kukaza, haijui kuachia.

"Njoo hospitali," alisema. "Na ukiweza, njoo na ndugu. Wa upande wa baba na wa upande wa mama."

Gundi akajikuna kisogo. "Pande zote mbili? Chumba kimoja?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Baba yake Gundi alikuwa amefariki zamani, lakini alikuwa ameacha dada, na huyo shangazi na mama yake Gundi walikuwa mawifi wasiopikika chungu kimoja. Ugomvi wenyewe ulianza Gundi akiwa mtoto, siku aliyokawia kuinuka kumpokea shangazi. Shangazi alisema kwao hakuna watu wa namna hiyo, labda upande wa wifi. Wifi akajibu kwao watu wote wanainuka vizuri, labda upande wa marehemu. Tangu siku hiyo kila mmoja aliubeba ukoo wake kama trei ya mayai, na macho kwenye trei ya mwenzake.

Walikuja wote wawili. Hakuna aliyekubali kubaki nyumbani na kumwachia mwenziwe uwanja. Mama yake Gundi alikaa upande huu wa kitanda, shangazi upande ule, na mke wa Gundi, tumbo limetangulia, akakaa miguuni kama mwamuzi. Gundi alilala katikati, mkono umekunjuliwa.

Mtafiti alimweleza kila hatua kabla ya kuigusa, kisha akamchoma sindano nyembamba kwenye msuli wa mkono, sindano iliyounganishwa na mashine kwa waya. "Kunja ngumi," alisema. "Sasa achia."

Mashine ikanguruma. Sauti ilipanda, ikapanda, kisha ikashuka taratibu, ikapanda tena, sawasawa na pikipiki inayopambana na mlima halafu dereva akaachia mafuta.

Shangazi akageukia dirishani. "Nani kaingiza pikipiki hospitali?"

"Ni msuli wa mwanao, shangazi," alisema mtafiti. "Yeye ameshauambia uache. Wenyewe bado unaendelea."

Mashine iliendelea kuunguruma, kila mara chini zaidi, mpaka ikatulia. Mama yake Gundi alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Kumbe alikuwa anainuka," alisema. "Sisi tulikuwa hatumwoni tu."

Gundi, bado amelala, alitazama dari na kusema hapakuwa na neno, alishazoea. Mkewe akamshika dole gumba la mguu.

Shangazi akasogeza kiti. "Sasa imetoka kwa nani?"

"Hilo lataka damu," alisema mtafiti.

"Chukua." Shangazi alikwishakunja mkono wa gauni. "Chukua hata ndoo. Damu ya kwetu haina doa."

"Hapana, anza na mimi," alisema mama yake Gundi.

Wiki zilizofuata zilikuwa za maabara. Kilichokuwa kikitafutwa ni kasoro katika vinasaba, yale maandishi ya urithi ambayo kila mtu anayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika kipande kinachouambia msuli namna ya kutulia, Gundi alionekana na kosa moja, herufi moja iliyobadilika. Mtafiti akageukia damu ya mama yake Gundi. Kosa lilelile lilikuwepo.

Mkono wake ulifika mpaka kwenye simu, ukarudi. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Mama yake Gundi alikuwa na kosa hilo, na alikuwa mzima kabisa. Alipanda na kushuka kwenye kile kitanda kirefu kumrekebishia mwanawe mto, mwepesi kama msichana. Kosa la namna hiyo peke yake halimgandishi mtu, kwa sababu ile nakala nyingine nzima huziba pengo. Ili mtu agande lazima nakala zote mbili ziwe mbovu. Basi ya pili ilikuwa wapi? Mashine ilisoma nakala ambayo Gundi aliipata kwa baba yake na kusema haina kosa hata moja.

Wakati huohuo simu za shangazi hazikukauka.

"Daktari, damu ya wifi imesemaje?"

"Shangazi, majibu ya mtu ni ya mtu mwenyewe."

"Mimi si mtu, mimi ni shangazi."

"Bado tunaendelea, shangazi."

"Mnaendelea nini, mnaipika?"

Mtafiti alilala na swali la nakala ya pili, akaamka nalo, akalipeleka kazini na kulirudisha nyumbani. Mama yake, aliyekuwa sasa analala vizuri na kuamka na maneno mengi, alimkuta asubuhi moja akikoroga chai ambayo hajaitia sukari. Mtafiti akamweleza. Kueleza kulikuwa njia yake ya kufikiri, na mama alikuwa msikilizaji mzuri maadamu hakulazimishwa kuelewa.

"Ni kama una vitabu viwili vinavyofanana," alisema, "unavisoma kwa pamoja kutafuta neno lililokosewa. Kimoja kina neno limekosewa, umeliona. Kingine..." Kijiko kikasimama.

"Kingine nini?" mama akauliza.

"Kingine huenda kimechanika kurasa. Ukisoma vyote kwa pamoja hutajua, kwa sababu maneno ya ukurasa huo unayaona kwenye kile cha kwanza."

"Na sukari je?"

Lakini bintiye alikwishavaa viatu.

Fundi wa maabara, mtu mzima ambaye maneno aliyatoa kama anayatoa mfukoni mwake, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tuzihesabu," akawasha mashine nyingine. Hii haikusoma maandishi, ilihesabu nakala tu. Walihesabu kipande kwa kipande. Vipande vingi vilitoka viwiliviwili, kama inavyotakiwa. Walipofika katikati, kipande kimoja cha Gundi kilitoka kimoja. Ukurasa ulikuwa umechanika kweli. Wakaichukua damu ya shangazi, ile isiyo na doa, na hapo napo palikuwa na kimoja.

Mtafiti alicheka mpaka mfua mashuka akachungulia mlangoni. Alikuwa hajacheka kwa sauti katika chumba hicho tangu alipokabidhiwa ufunguo.

Aliwaita mawifi mmojammoja kwanza, kwa kuwa ndivyo ilivyo haki, akamwuliza kila mmoja kama angependa kuambiwa peke yake. Mama yake Gundi alisema hana cha kuficha. Shangazi alisema aambiwe mbele ya wifi, tena kwa sauti. Kwa hiyo wakakaa tena wote kama mwanzo, kitanda katikati, safari hii Gundi amekaa juu yake miguu inaning'inia, na mtafiti akawaeleza habari za vitabu viwili.

"Mama alimpa Gundi kitabu chenye neno moja lililokosewa," alisema. "Marehemu akampa chenye ukurasa uliochanika. Kila mmoja wao alikuwa na kingine kizima, ndiyo maana hawakuugua. Gundi, na bila shaka dada yake, walipata vibovu vyote viwili. Ni bahati tu. Mwingine wa tumbo hilohilo angeweza kupata vizima." Akamgeukia shangazi. "Na wewe shangazi unao ukurasa huohuo wa kaka yako."

Shangazi alitazama mkono wake pale ulipotolewa damu, kana kwamba mkono umemsaliti. Mama yake Gundi alitazama sakafu, maana na yeye ushindi wake ulikuwa umekatwa miguu. Nyani wawili, kila mmoja amegeuzwa akaonyeshwa kundule. Feni ilienda kulia, ikasita, ikaenda kulia tena.

"Kumbe," shangazi akasema, "tulichanga."

Mama yake Gundi mabega yakaanza kutikisika. Mtafiti alidhani analia, akanyoosha mkono achukue kitambaa, ndipo akasikia kwamba ni kicheko. Shangazi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Wakacheka kama wasichana walioshikwa wakiiba sukari, mpaka ikabidi shangazi azunguke kitanda aje akae upande wa wifi yake apate kuegemea kitu.

"Na huyu?" mke wa Gundi aliuliza, kiganja tumboni. Ndiye pekee aliyekuwa hajacheka.

Damu yake nayo ilikuwa imepimwa, kwa ombi lake mwenyewe. "Wewe hatukukuta na kasoro yoyote," mtafiti alimwambia. "Mtoto atapokea kibovu kimoja kutoka kwa baba na kizima kutoka kwako. Atakuwa kama bibi yake. Atainuka anapotaka."

Mke wa Gundi alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akaomba maji.

Gundi alipelekwa ghorofa ya juu kwa daktari wa kutibu, akapimwa moyo kwanza, maana dawa yenyewe haitaki moyo wenye hitilafu, kisha akaandikiwa vidonge. Havikumgeuza kuwa mtu mwingine. Asubuhi za baridi bado alianza siku kama gari la zamani. Lakini wiki chache baadaye alishuka mpaka chumba cha karibu na kufulia, akaomba kiti, akakaa, akaongea habari za mvua na bei za nailoni, halafu katikati ya sentensi akasimama wima, mara moja, bila kujiandaa. Akakaa. Akasimama tena.

Habari zikaenea katika ukoo, na mwenezaji alikuwa shangazi. Alichukulia ule ukurasa uliochanika kama cheo. Aliwapigia simu ndugu wa miji mitatu, akawaamuru waende wakapimwe, na ole wao waliokuwa na watoto wazito wa kusimama shuleni. Walipatikana wanne wenye misuli kama ya Gundi, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na kasoro ya pili kutoka kwa mzazi wake mwingine. Mmoja alikuwa askari wa barabarani aliyekwisha kuadhibiwa kwa kukawia kupiga saluti. Mtafiti alipanda treni kwenda kuwaona, na baadaye aliisimulia familia hiyo, bila kuitaja, mbele ya watafiti wenzake. Wengi wao walikuwa hawajawahi kufikiri kuzihesabu nakala, wakarudi makwao kuwatafuta upya wagonjwa walioambiwa hawana kitu. Siku iliyofuata alikuwa chumbani mwake na mtoto wa miaka sita anayeshikilia ukuta, na mama wa mtoto anayesubiri jina. Alivuta kiti karibu, akaanza na habari za mjomba.

Mtoto wa Gundi alizaliwa msichana, mzima, na mwenye haraka ya kila kitu. Mawifi waligawana zamu za kumbeba, na kwa miezi miwili hapakusikika neno baya. Halafu jioni moja simu ya mtafiti ikalia.

"Daktari," shangazi alisema, "hivi masikio yanarithiwa?"

"Yanarithiwa, shangazi."

"Kutoka upande gani?"

Nyuma yake sauti ya mama yake Gundi ilikuwa inasema mwulize vizuri, mwulize vizuri. Mtafiti aliweka kikombe mezani, akauliza masikio yenyewe yakoje.